Prosesa huria za hesabu sambamba: mizani iwe ulishaji wa data

Prosesa huria ni prosesa ambayo msimbo wa ujenzi wake, yaani maelezo ya kila rejista, kila kitengo cha hesabu na jinsi vinavyounganishwa, umewekwa hadharani chini ya leseni inayomruhusu mtu yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuupeleka kiwandani ukawe chipu. Zamani miundo ya namna hii ilikuwa zaidi ya prosesa ndogo za kuendeshea mitambo na za kufundishia vyuoni. Tangu katikati ya muongo wa 2010 imeingia kwenye kazi nzito kuliko zote za kompyuta: hesabu za vekta na hesabu sambamba, zile zinazobeba utabiri wa hali ya hewa, uchambuzi wa picha za setilaiti na ufunzaji wa akili unde. Leo mhandisi anayehitaji muundo huo ana wa kuchagua: Ara na Spatz za ETH Zürich, Saturn ya Berkeley, Vortex ya Georgia Tech, Ventus ya Tsinghua, na mingineyo. Kazi ngumu iliyobaki ni kuilinganisha kwa haki. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu kipimo kilicho rahisi kushika, idadi ya vitengo vya hesabu ndani ya chipu, ndicho kinachoeleza machache zaidi.

Kwanza kuna mambo mawili ya kutenganisha ambayo hata waandishi wa teknolojia huyachanganya. Seti ya amri ni orodha ya amri ambazo programu inaweza kuipa chipu; muundo ni mashine yenyewe inayozitekeleza. RISC-V, iliyoanzishwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Krste Asanović pamoja na wanafunzi wake Andrew Waterman na Yunsup Lee, David Patterson akishirikiana nao, ni seti ya amri. Yeyote anaweza kuitumia bila kulipia, lakini anayeitumia halazimiki kuonyesha chipu yake ndani ikoje. SpacemiT K1, chipu ya viini 8 yenye rejista za vekta za biti 256 iliyowafikia wanunuzi mwaka 2024, inaelewa RISC-V vizuri, ilhali ujenzi wa viini vyake umebaki siri ya kampuni. Chipu kama hiyo inaweza kupimwa kwa nje tu. Ikienda polepole, mtumiaji hubaki kukisia sababu. Makala haya yanahusu miundo ambayo sababu hiyo inaweza kutafutwa ndani ya msimbo mpaka ikapatikana.

Historia ya prosesa za vekta ina somo moja ambalo miundo huria inalipitia upya. Mwaka 1967 Gene Amdahl alitoa hoja inayobeba jina lake hadi leo: kazi ikiwa na asilimia 95 inayogawanyika na asilimia 5 isiyogawanyika, hata ikipewa vitengo milioni moja vya hesabu haitakwenda kasi zaidi ya mara 20. STAR-100 ya kampuni ya Control Data, iliyotoka mwaka 1974, ilinaswa hapo hapo. Ilichota vekta moja kwa moja kutoka kumbukumbu kuu, ikachukua muda mrefu kuianza kila amri ya vekta, na hesabu zake za kawaida, za namba moja moja, zilikuwa za polepole. Vekta ndefu sana iliziweza. Programu halisi, zilizojaa vekta fupi na maamuzi ya hapa na pale, ziliichosha.

Miaka miwili baadaye Seymour Cray alitoa Cray-1. Ilikuwa na rejista 8 za vekta, kila moja ikibeba elementi 64 za biti 64, na saa yake ilipiga midundo milioni 80 kwa sekunde. Data zikishaingia kwenye rejista zilitumika mara nyingi bila kurudi kwenye kumbukumbu. Elementi ya kwanza ya jibu ilipotoka kwenye kizidishi, ilipita papo hapo kwenda kwenye kijumlishi bila kungoja elementi 63 zilizo nyuma yake. Ndio mnyororo wa amri ambao kila prosesa nzuri ya vekta imeuiga tangu hapo. Na sehemu yake ya hesabu za kawaida ilikuwa miongoni mwa zenye kasi zaidi za wakati ule. Cray alielewa kwamba vitengo vya vekta ni wafanyakazi wanaohitaji kupewa kazi mfululizo, na anayewapa kazi akichelewa, wote husimama.

Prosesa za kompyuta za mezani zilishika njia nyingine. Mwaka 1997 Intel ilileta MMX ya biti 64, mwaka 1999 SSE ya biti 128, mwaka 2011 AVX ya biti 256, na baadaye AVX-512. Kila upana ulikuja na amri zake mpya. Programu iliyoandikwa kwa biti 128 ilibaki na biti 128 hata ikiwekwa kwenye mashine yenye upana mara nne, mpaka mtu aiandike au aikompaili upya. Kiendelezi cha vekta cha RISC-V, kiitwacho RVV, kilichoidhinishwa katika toleo la 1.0 mwishoni mwa mwaka 2021, kilirudi kwenye mawazo ya Cray. Kina rejista 32 za vekta, lakini upana wake haukuandikwa ndani ya amri. Mjenzi wa chipu huuchagua mwenyewe, mradi uwe kipeo cha 2 kisichozidi biti 65,536.

Programu ya RVV hufanya kazi kama mtu anayejaza pipa kwa ndoo asiyoijua ukubwa wake. Kila mzunguko huanza na amri ya vsetvli: programu hutaja idadi ya namba zilizobaki, chipu hujibu itachukua ngapi safari hii, hesabu hufanyika, kinachobaki hupunguzwa, kisha programu hurudi mwanzo. Chukua kazi ya kujumlisha safu mbili zenye namba 1,000 za biti 32, programu ikiwa imeomba rejista 8 zishikamane zifanye kazi kama moja, jambo ambalo RVV inaliruhusu. Kwenye chipu yenye rejista za biti 128, kila mzunguko hubeba namba 32, na kazi huisha kwa mizunguko 32. Kwenye chipu ya biti 256 hubeba 64, na mizunguko ni 16. Kwenye muundo wenye rejista za biti 4,096 kuna nafasi ya namba 1,024, kwa hiyo safu nzima humezwa kwa mzunguko mmoja. Faili la programu ni lile lile. Halikuguswa hata baiti moja.

Faida hii kwa ulinganisho ni kubwa mno. Kabla ya RVV, kila muundo wa utafiti ulikuja na lugha yake na majaribio yake, na kuuweka karibu na mwingine kulikuwa ni kulinganisha waandishi wa majaribio. Hwacha, prosesa ya vekta iliyojengwa Berkeley, ilikuwa na wazo la kuvutia sana: kiini kikuu hakikutuma amri za vekta moja moja, kilituma anwani ya kipande kizima cha programu, na kitengo cha vekta kikajichotea amri zake chenyewe. Lakini seti yake ya amri ilikuwa ya peke yake na ilihitaji zana zake. Wazo hilo lilistahili kusomwa na wengi kuliko waliolisoma.

Toleo nalo ni la kuangaliwa kwa makini. Kabla ya 1.0 kulikuwa na rasimu, na rasimu ya 0.7.1 ya mwaka 2019 iliingia kwenye chipu halisi zilizouzwa: viini vya T-Head, kampuni tanzu ya Alibaba, vilivyomo katika Allwinner D1 na katika Sophgo SG2042 yenye viini 64, vinazungumza rasimu hiyo. Programu iliyokompailiwa kwa 1.0 haiendi humo. Hata Ara yenyewe ilianza na rasimu ya 0.5, na matokeo yake ya miaka ya mwanzo hayafai kuwekwa kwenye jedwali moja na ya miundo ya 1.0 bila maelezo. Jedwali lolote lisilotaja namba ya toleo halistahili kuaminiwa.

Ara ndiyo inayofaa kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa watengenezaji wake wamechapisha mafanikio yake na vikwazo vyake kwa uwazi ule ule. Ni prosesa saidizi ya vekta, inayofanya kazi chini ya kiini cha CVA6, ambacho hapo awali kiliitwa Ariane. Maelezo yake ya kwanza yalitoka mwaka 2019, kutoka kundi la Luca Benini linalounganisha ETH Zürich na Chuo Kikuu cha Bologna. Ndani yake kuna njia za hesabu, kuanzia 2 hadi 16. Kila njia ina kipande chake cha rejista na vitengo vyake vya hesabu, na elementi hugawiwa kwa zamu: muundo ukiwa na njia 4, elementi ya sifuri huenda njia ya kwanza, ya moja njia ya pili, ya mbili njia ya tatu, ya tatu njia ya nne, kisha elementi ya nne hurudi njia ya kwanza. Hesabu ya kawaida ya vekta haivuki mipaka ya njia, na hilo ndilo linaloruhusu njia kuongezwa bila nyaya kutapakaa.

Kwa teknolojia ya nanomita 22, Ara ya njia 16 ilifikia hesabu bilioni 33 za desimali za biti 64 kwa sekunde, na hesabu bilioni 41 za namna hiyo kwa sekunde kwa kila wati moja ya umeme. Katika kuzidisha matriksi za 256 kwa 256, vitengo vyake vya desimali vilikuwa kazini kwa hadi asilimia 97 ya muda. Namba hizi ni za kweli na ni nzuri. Msomaji makini atauliza kwa nini ulichaguliwa uzidishaji wa matriksi, na kwa nini wa ukubwa huo.

Jibu la kwanza liko kwenye kumbukumbu. Kuzidisha matriksi mbili za 256 kwa 256 kunahitaji hesabu zipatazo milioni 33.5, huku matriksi zote tatu, mbili za kuingia na moja ya jibu, zikiwa na baiti zipatazo milioni 1.57. Ni zaidi ya hesabu 21 kwa kila baiti. Data ikishaingia hutumika tena na tena. Sasa weka badala yake kazi ya kujumlisha vekta mbili ndefu. Kila jumla moja ya namba za biti 64 inahitaji baiti 16 kuingia na 8 kutoka. Njia 16 zikijumlisha kila mdundo kwenye saa ya gigahezi 1 zingehitaji baiti bilioni 384 kwa sekunde. Mkondo mmoja wa kumbukumbu ya DDR4-3200 hutoa baiti bilioni 25.6. Data zikitoka kwenye kumbukumbu hiyo, njia 16 zitafanya kazi ya njia moja na kidogo. Nyingine zote zitakuwa zimesimama, ziwe zimetengenezwa Zürich, Berkeley au Beijing.

Jibu la pili ni lile la STAR-100. Vekta ya elementi 256 huzishughulisha njia 16 kwa midundo 16 ya saa. Katika muda huo CVA6 inapata nafasi ya kuchota namba inayofuata ya matriksi ya kwanza, kuendesha hesabu za mzunguko na kutuma amri mpya ya vekta. Vekta ikiwa ya elementi 32, njia zile zile humaliza kwa midundo 2 tu, na amri inayofuata inakuwa haijafika. Waandishi wa Ara waliliandika hili wazi: kwa matriksi ndogo, kikomo hakiwekwi na vitengo vya hesabu wala na kumbukumbu, kinawekwa na kasi ambayo kiini kikuu kinatoa amri. Kuongeza njia hapo ni kuongeza wanaosubiri.

Kuna kikwazo cha tatu kinachoonekana kwa mtu aliyefungua msimbo. Si amri zote za vekta zinazokaa ndani ya njia zao. Kusogeza elementi kushoto au kulia, kutumia vinyago vinavyoamua elementi zipi zihesabiwe, na kusoma au kuandika kumbukumbu, vyote vinahitaji kitengo kinachofika kwenye kila njia. RVV 1.0 imeongeza ugumu: inataka baiti za rejista zionekane kwa mpangilio mmoja hata programu ikibadilisha ukubwa wa elementi katikati ya kazi. Katika Ara mpya ya mwaka 2022, rejista iliyojazwa namba za biti 64 ikitakiwa kusomwa kama namba za biti 8, baiti zake hulazimika kupangwa upya kati ya njia. Nyaya hizi za kutoka kila mahali kwenda kila mahali ndizo zilizoifanya Ara isimame kwenye njia 16. AraXL ya mwaka 2025 iligawa njia katika makundi, ikayaunganisha kwa mzingo wa ngazi kwa ngazi, na kufika njia 64 zenye rejista za biti 65,536, upana wa mwisho unaoruhusiwa na RVV. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na inawafaa wenye vekta ndefu kwelikweli.

Kundi hilo hilo la Zürich lilikwenda pia upande wa pili, na pengine uamuzi huo ndio wenye busara zaidi kwa kazi za kila siku. Spatz ni kitengo kidogo cha vekta kinacholishwa na kiini kidogo sana kiitwacho Snitch. Badala ya prosesa moja pana, Spatz nyingi huwekwa pamoja zikitumia kumbukumbu moja ya karibu. Hapa faida ya vekta inageuka. Haitafutwi kwa ajili ya upana. Inatafutwa ili amri moja iliyochotwa na kutafsiriwa mara moja itumike kwa elementi nyingi, hivyo umeme unaopotea katika kuchota amri upungue. Katika jaribio la kundi la viini liitwalo MemPool, viini vya Spatz vilitumia umeme kwa tija zaidi ya mara mbili kuliko kundi linganifu la viini vya Snitch pekee. Anayedhani vekta ni za kompyuta kubwa tu aanze kusoma hapo.

Saturn, iliyotangazwa na Berkeley mwaka 2024, imesimama kati ya hizo mbili. Imeandikwa kwa lugha ya Chisel ndani ya mfumo wa Chipyard, na hufungwa kwenye kiini cha Rocket au kwenye Shuttle, chenye uwezo wa kutoa amri zaidi ya moja kwa mdundo. Inalenga vekta fupi, zile za kuchakata sauti, mawimbi ya redio na picha, na inategemea mnyororo wa amri wa haraka badala ya rejista ndefu za kuficha ucheleweshaji. Jambo linalostahili sifa ni kwamba inatekeleza RVV 1.0 kikamilifu, pamoja na yale ambayo watafiti wengi huyakwepa: kumbukumbu pepe, na kusimama mahali sahihi kabisa hitilafu inapotokea katikati ya amri ya vekta. Bila mambo hayo mfumo wa uendeshaji kama Linux hauwezi kuitegemea prosesa. Mtu akipunguza ugumu huo ili apate tarakimu nzuri, analinganisha gari lenye breki na lisilo nazo. Ndiyo maana jedwali lenye Saturn linapaswa kusema nani ana kumbukumbu pepe na nani hana.

Vicuna ya TU Wien inafaa kutajwa kwa sababu tofauti kabisa. Inalenga mifumo ambayo muda wa kumaliza kazi lazima ujulikane kabla, kama vidhibiti vya magari na ndege, na imekubali kupunguza baadhi ya mbinu za kasi ili muda huo utabirike. Kuipima kwa wingi wa hesabu kwa sekunde ni kuikosea haki.

Njia ya pili ya usambamba haitumii vekta kabisa. Inatumia viini vingi vidogo. Snitch ni mfano wake bora. Kiini chenyewe ni kidogo kiasi kwamba kitengo chake cha desimali kinakizidi ukubwa mara nyingi. Ili kitengo hicho kisikae bure, wabunifu waliongeza vitu viwili. Cha kwanza, baadhi ya rejista hugeuzwa mikondo: programu ikisoma rejista hiyo, elementi inayofuata ya safu hutoka kwenye kumbukumbu na kuingia yenyewe, bila amri ya kuichota. Cha pili, kuna amri ya kurudia, inayokiambia kitengo cha desimali kirudie kipande kifupi cha hesabu huku kiini kikishughulika na anwani za kazi ijayo. Matokeo yake ni kama vekta iliyojengwa kutoka upande wa nyuma, na ni ushahidi kwamba tatizo la kulisha data linaweza kutatuliwa kwa zaidi ya njia moja. Occamy, chipu ya majaribio yenye viini 432 katika vipande viwili vya silikoni na kumbukumbu za HBM2E, ilijengwa juu ya wazo hilo. Gharama yake iko kwa mwandishi wa programu: mikondo na marudio hayo hayamo kwenye RISC-V ya kawaida, na kompaila ya kawaida haiyajui.

Viini vingi havimaanishi hesabu nyingi. Mwaka 2006 kampuni ya Sun Microsystems ilifungua msimbo wa UltraSPARC T1 kwa jina la OpenSPARC, chini ya leseni ya GPL. Ilikuwa na viini 8 na nyuzi 32, kila uzi ukiwa mfululizo mmoja wa amri, usambamba mkubwa kwa wakati ule, lakini viini vyote 8 viligawana kitengo kimoja tu cha desimali. Ilijengwa kwa seva za tovuti, ambako kazi ni kusubiri data za watu wengi kwa wakati mmoja. Princeton iliuchukua msimbo huo na mwaka 2015 ikatoa OpenPiton, mfumo wa kuunganisha viini vingi unaotumika hadi sasa katika utafiti wa kashe na mitandao ya ndani ya chipu. Kwa hesabu za sayansi, mchango wake uko kwenye mtandao huo wa kuunganisha viini.

Njia ya tatu ni ya prosesa za michoro, GPU. MIAOW ya Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison ilitekeleza sehemu ya seti ya amri za AMD, na Nyuzi, kazi iliyoongozwa na Jeff Bush, ilijenga GPU yenye vekta za elementi 16. Zote zilijulikana mwaka 2015 na zote zilifungua mlango. Aliyeingia ndani na kukaa ni Vortex ya Georgia Tech. Wazo lake ni la uchache: chukua RISC-V ya kawaida, ongeza amri chache tu, na upate GPU inayoendesha programu za OpenCL. Amri moja huanzisha kundi la nyuzi, nyingine huamua nyuzi zipi ziwe hai, mbili hushughulikia matawi, na moja huzisimamisha nyuzi mpaka zote zifike.

Zile mbili za matawi ndizo zinazoonyesha tofauti ya GPU na vekta. Nyuzi 4 zinakwenda pamoja kwa amri moja, kisha zinafika kwenye sharti: namba ikiwa hasi fanya hivi, ikiwa chanya fanya vile. Tatu ni chanya, moja ni hasi. Amri ya split huhifadhi hali hiyo, huzima uzi mmoja na kuendesha njia ya chanya kwa nyuzi tatu. Kisha hugeuza, ikazima tatu na kuendesha njia ya hasi kwa uzi mmoja. Amri ya join huzirudisha zote. Muda uliotumika ni wa njia zote mbili. Prosesa ya RVV hufanya jambo hilo hilo kwa kinyago kilichomo kwenye rejista ya v0, lakini huko mwandishi wa programu au kompaila ndiye anayekiandaa kinyago. Kwenye GPU kila uzi huandikwa kana kwamba uko peke yake, na mashine ndiyo inayobeba mzigo. Urahisi huo wa kuandika ndio uliozipa GPU umaarufu wake.

GPU pia ina dawa yake ya njaa ya data: nyuzi nyingi zikiwa tayari, kundi moja likisubiri kumbukumbu, jingine huchukua zamu. Inagharimu rejista nyingi, kwa kuwa kila uzi lazima uwe na zake. Vortex katika maelezo yake ya mwaka 2021 ilifika viini 32 kwenye chipu ya FPGA ya Stratix 10, aina ya chipu inayopangwa upya baada ya kutoka kiwandani, na kilele chake kilikuwa hesabu bilioni 25.6 kwa sekunde kwenye megahezi 200. Kuiweka namba hiyo karibu na bilioni 33 za Ara ni kosa ambalo ni rahisi kulifanya. Moja ni ya FPGA na nyingine ni ya silikoni ya nanomita 22. Saa moja inapiga mara tano ya nyingine. Na bilioni 33 zile ni za namba za biti 64. Ventus ya Chuo Kikuu cha Tsinghua imejaribu kuziunganisha familia hizi mbili kwa kulifanya kundi la nyuzi kuwa vekta ya RVV, kila elementi ikiwa uzi mmoja, na hivyo kuzitumia zana za kompaila zilizokwisha kuandikwa kwa ajili ya RVV. Kwa upande wa programu huo ni uchumi mzuri.

Ulinganisho wa haki unawezekana kwa sababu miundo hii ni huria, na ni huzuni kwamba haufanywi mara nyingi zaidi. Msimbo wa Ara, Saturn au Vortex unaweza kuendeshwa kwa Verilator, programu huria inayogeuza maelezo ya chipu kuwa programu ya kompyuta na kuiga kila mdundo wa saa. Uigaji huo huenda polepole, lakini hauhitaji kiwanda wala bodi ya gharama. Anayelinganisha anaweza kuipa kila prosesa kumbukumbu yenye kasi ile ile na ucheleweshaji ule ule, kisha akaendesha kazi tatu zenye tabia tofauti: uzidishaji wa matriksi kubwa, uzidishaji wa matriksi ndogo, na matriksi yenye sifuri nyingi ambayo namba zake zimetawanyika kwenye kumbukumbu. Kazi ya kwanza huonyesha vitengo vya hesabu, ya pili kiini kinachotoa amri, ya tatu njia ya kwenda kwenye kumbukumbu. Muundo unaoshinda ya kwanza pekee haujashinda. Idara ya uhandisi ya chuo cha Dar es Salaam, Nairobi au Kampala inaweza kuifanya kazi hiyo kwa kompyuta ilizo nazo na kupata matokeo ambayo mtu wa Zürich atalazimika kuyasoma.

Upande wa programu umepiga hatua. LLVM 14 ya mwaka 2022 ilikuja na msaada wa RVV 1.0, Linux 6.5 ya mwaka 2023 ikaanza kuzihifadhi rejista za vekta za programu za kawaida, na GCC 14 ya mwaka 2024 ikaweza kugeuza mizunguko ya kawaida ya C kuwa ya vekta yenyewe. Hatua hizi zinazinufaisha Ara, Saturn, na pia XiangShan, muundo wa Chuo cha Sayansi cha China uliopata vekta za 1.0 katika kizazi chake cha tatu, Kunminghu. Hazimsaidii mwenye amri za peke yake.

Leseni zinatofautiana kwa namna inayoathiri matumizi. Vortex na Nyuzi ziko chini ya Apache 2.0, Ara chini ya Solderpad ambayo ni Apache iliyorekebishwa kwa ajili ya maunzi, XiangShan chini ya Mulan PSL ya China. Zote zinaruhusu kampuni kubadilisha na kuuza bila kurudisha marekebisho. GPL ya OpenSPARC inadai anayesambaza msimbo aliourekebisha autoe kwa leseni hiyo hiyo, sharti ambalo kampuni nyingi za chipu hulikwepa.

Uhuria huo unakoma kwenye mlango wa kiwanda. Ili muundo uwe chipu, lazima uchorwe kwa kanuni za kiwanda husika, na kanuni hizo kwa kawaida hutolewa kwa mkataba wa siri. Mwaka 2020 Google na SkyWater walifungua kanuni za teknolojia ya nanomita 130, hatua iliyowapa wanafunzi wengi chipu yao ya kwanza, lakini kwa upana huo wa nanomita Ara ya njia 16 ni kubwa mno kuwa na maana. Namba zake za nanomita 22 zimetokana na kanuni ambazo msomaji hawezi kuzifungua. Vivyo hivyo saketi za kimwili zinazoongea na kumbukumbu za DDR na HBM: karibu kila mradi huzinunua kwa leseni au kuziwakilisha katika uigizaji kwa kumbukumbu ya kubuni yenye ucheleweshaji uliochaguliwa na mtafiti mwenyewe. Kwa hiyo matokeo yoyote yanayosifia muundo huria bila kutaja kumbukumbu ilikuwa ya aina gani, ya kasi gani na ilichelewa midundo mingapi, yameiacha nje sehemu inayoamua vitengo vya hesabu vitakula au vitalala.